Saizi Isiyotoka

Matiti yangu yaliwahi kuninyima kazi. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu aibu niliimaliza yote siku ile. Ilikuwa Jinja, hapa kwetu Uganda, mwaka jana. Kampuni moja ya ulinzi ilikuwa inatafuta askari wa kulinda viwanda, wanaume kwa wanawake, na mtihani wa kwanza ulikuwa kukimbia. Mimi si mvivu. Nimekimbia tangu shule ya msingi, kabla kifua hakijaamua kuishi maisha yake. Lakini siku ile sikufika hata nusu ya njia. Kila hatua ilikuwa kama mtu ananivuta nyama kutoka chini ya shingo, kamba za sidiria zimenikata mabega, na vijana wa bodaboda wamekaa kwenye stendi yao wanaimba "moja, mbili, moja, mbili" kufuata mwendo wa kifua changu. Nikasimama. Nikajifanya nimeteguka mguu. Nikarudi Bugembe kuosha sahani katika hoteli ya pembeni mwa barabara kuu, nikiwa na hasira nisiyojua nimpelekee nani.

Mwaka huu kampuni ileile ikatangaza tena. Safari hii mtihani ulikuwa Mbale, Jumamosi asubuhi. Umri wao wa mwisho ndio umri wangu wa sasa, kwa hiyo mwakani hata wangeniona ninapaa wasingenichukua. Nikikosa hapa, basi ni sahani na mafuta ya kuku mpaka mvi zinitoke. Mimi sikutaka. Nilitaka buti, nilitaka shati lenye nembo, nilitaka watu waniangalie usoni wanapoongea nami.

Tatizo langu watu hawalielewi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Wanadhani mwenye kifua kikubwa ni mtu mnene, basi apewe kitu kikubwa, mambo yaishe. Mimi ni mwembamba. "Mgongo wa mtoto wa shule, kifua cha mama anayenyonyesha mapacha." Maneno hayo si yangu, ni ya Roselyn, Mkenya wa Bungoma anayeuza sidiria za mitumba sokoni Jinja. Madukani ukitafuta sidiria yenye nafasi ya kutosha mbele, unapewa na mgongo mpana. Ukiivaa, mkanda wa nyuma unapanda, mbele kunashuka, na uzito wote unaning'inia kwenye kamba mbili za mabegani. Mabega yangu yana mifereji. Mtoto wa jirani aliwahi kuniuliza kama nilifungwa kamba na wezi.

Roselyn hufungua belo siku ya Alhamisi asubuhi, mbele ya wateja. Akishapitisha wembe, kila mkono unaingia, na sidiria nzuri hazimalizi hata dakika juu ya turubai. Chumba cha kujaribia hakuna. Wote tunapima juu ya nguo. Utamkuta mwanamke mzima na heshima zake amesimama katikati ya soko amevaa sidiria juu ya gauni, anajigeuza, anamuuliza mwenzake ambaye hamjui, "Imekaa?" na hakuna anayecheka kwa sababu sote tuko hivyo hivyo.

Alhamisi ile kulikuwa na mvua na upepo kutoka ziwani. Roselyn alipokata belo mimi nilikuwa mbele kabisa.

"Racheal!" aliita. "Kuja uone! Hii ni kama walikushonea huko ng'ambo!"

Ilikuwa nyeusi, ya michezo, kamba pana, vifungo vitatu nyuma, kitambaa kigumu kisicho na mchezo. Niliishika. Mama mmoja akaishika upande wa pili.

"Nimeiona mimi," akasema.

"Mimi nimeitwa kwa jina," nikasema.

Tukavutana. Mimi huwa sigombani na watu wazima, lakini siku ile ningemng'ata. Roselyn akaingilia, mikono kiunoni. "Mama, hebu jipime. Ikikufunga, nakupa bure. Ikikataa, muachie huyu, ana haraka."

Ilikataa. Yule mama aliiachia huku akisonya. Nikaivaa mimi palepale, Roselyn akanivuta kwa nyuma mpaka nikashika nguzo ya kibanda, akafunga kwenye tundu la mwisho. Imebana sawasawa. Nikaruka. Nikaruka tena, watu wananiangalia, na hakuna kilichotikisika. Machozi yakanijia kwa furaha, kwa sababu ya sidiria, fikiria.

"Usiivue sasa," Roselyn akasema. "Enda nayo hivyo mpaka Mbale."

Tulicheka. Nikaenda kuifua, nikaianika, na Ijumaa mchana nikafika Mbale, mtaa wa Nabuyonga, kwa senge Nafuna, dada wa baba, ambaye ndiye angenilaza. Tulisalimiana, mulembe, mulembe, nikala ndizi, kisha nikaingia chumbani kwake kuijaribu vizuri kwa mara ya kwanza, juu ya ngozi tupu.

Nilifunga tundu la mwisho. Kisha nikapitisha ngumi kati ya mkanda na mgongo, na ngumi ikapita bila kugusa popote.

Nilidhani nimekosea tundu. Nikajaribu tena. Nikaruka mara moja tu, na ule uchungu wa mwaka jana ukanijibu palepale. Nikakaa kitandani. Ndipo nikakumbuka mvua ya Alhamisi. Sokoni nilikuwa nimevaa fulana na juu yake sweta, lile sweta zito la sufu, na chini ya vyote sidiria yangu ya zamani. Sidiria niliyogombania na mtu mzima ilikuwa imelitosha sweta.

"Unalia nini?" Senge alikuwa mlangoni.

Nikamwonyesha. Akapitisha ngumi yake mwenyewe, akaitoa, akaipitisha tena, kama anatafuta kitu kilichopotea humo.

"Bambi, pole," akasema. "Na kukimbia ni kesho?"

"Kesho asubuhi, senge."

"Sasa we nakaa hapa nafanya nini? Duka haijafunga. Enda!"

Nikashuka mjini karibu nakimbia, mikono nimeikunja kifuani. Sala ya Ijumaa ilikuwa imeshatoka zamani na maduka ya jumla yalikuwa yamefunguliwa tena, makatoni mpaka barabarani. Niliingia duka la mtu anaitwa Bruhan, maana nililiona limetundika sidiria mlango mzima, za rangi zote. Bruhan alikuwa kijana mpole, kanzu yake safi. Aliniangalia nukta moja tu.

"Karibu dada. Wewe ni arobaini."

"Mgongo wangu ni thelathini, kaka."

"Thelathini ni ya wasichana wadogo."

"Nina mgongo wa msichana mdogo. Nataka thelathini, lakini mbele iwe kubwa kabisa. Angalia vizuri."

Hakuangalia vizuri. Aliona haya, na kwa kweli nilimheshimu kwa hilo, lakini haya yake hayakunisaidia kitu. Akashusha katoni, akafungua, akashusha nyingine. Thelathini na nne, thelathini na sita, thelathini na nane, arobaini. Zote mbele zimelingana, kama aliyezishona aliona mwanamke mmoja tu maishani mwake.

"Dada, nikuambie ukweli," akasema. "Mzigo unakuja kwa dazeni, imechanganywa hukohuko. Saizi yako haitoki. Nikiagiza, ni lazima nichukue dazeni nzima. Wewe utanunua moja. Hizo ingine nitavaa mimi?"

"Kuna wanawake wengi kama mimi."

"Wako wapi? Mbona hawaji?"

"Wanakuja," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imepanda mpaka mpita njia akageuka. "Wanakuja kila siku, unawapa arobaini."

Bruhan akaanza kurudisha sidiria kwenye katoni moja moja, taratibu. Mwisho akasema, "Samehe dada," na nikaona kwamba nilikuwa nataka kumpiga mtu, na mtu mwenyewe si yeye. Nikapita maduka mengine mtaa mzima. Katoni zilikuwa zilezile, maneno yalikuwa yaleyale, na wawili walinipa arobaini kabla sijafungua mdomo. Wengine walikuwa wameanza kushusha milango. Nilipandisha kwenda Nabuyonga mikono mitupu.

Senge alikuwa ameshatoa sindano na uzi wa kushonea magunia. Alikata mkanda wa mgongoni pande zote mbili, akaupunguza, akaushona kwa mkono, mshono juu ya mshono. Nilipoivaa, mgongo ulikaza vizuri, lakini kamba za mabegani zilikuwa zimevutwa mpaka makwapani, na matiti yangu sasa yalitazamana na kuta, moja huku, moja kule. Senge akanizunguka akiangalia.

"Si mbaya," akasema.

"Senge!"

"Sasa nifanye nini? Mimi si kiwanda."

Asubuhi akanifunga leso, kanga yake ya kujitanda, juu ya sidiria. Aliizungusha kuanzia kwapani hadi mbavuni, akavuta mpaka akakunja uso, akapiga fundo mgongoni.

"Pumua."

"Napumua."

"We nadanganya mimi," akasema. Lakini hakulegeza, na mimi sikumwomba.

Uwanja wa kampuni ulikuwa na ukuta na geti la chuma la kusukuma, kando ya barabara iendayo mji wa Kumi. Tulikuwa umati, wanaume wengi, wanawake wachache upande mmoja. Msimamizi alikuwa afande Masinde, mzee mkakamavu aliyestaafu jeshini, filimbi shingoni. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, na watu wazima waliokuwa karibu waliposikia sauti ile walinyooka wenyewe bila kuambiwa.

"Sikia!" akasema. "We nakimbia mpaka petroli stesheni ile ya juu. Nazunguka. Narudi. Mimi iko hapa na geti. Mimi naona imetosha, nafunga. Mtu nakuta geti imefungwa, huyo nakwenda nyumbani, hakuna kulia, hakuna kusema mguu. Tumeelewana?"

"Ndiyo, afande!"

Dada mmoja pembeni yangu, Hasifa, mrefu na mwepesi, aliniangalia juu mpaka chini. "Racheal, mbona unasimama kama umefungwa plasta?" Tulikuwa tumejuana pale pale kwenye foleni. Nikamwambia asubiri aone.

Filimbi ikalia.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Leso ilishika, mshono ulishika, na miguu yangu ilifurahi. Niliwapita wanaume wawili. Hasifa alikuwa mbele kidogo na sikumwacha aende mbali, nikajiambia, leo, leo. Kisha barabara ikaanza kupanda na nikahitaji pumzi kubwa, nikaitafuta, nikaikosa. Kifua kilikuwa kimefungwa kama mzigo wa kuni. Niliingiza pumzi ndogo, nyingine ndogo. Vidole vikaanza kufa ganzi. Nilipozunguka petroli stesheni niliona nyota, na mlima Wanale ulikuwa unacheza juu ya mapaa ya nyumba.

Nikasikia uzi ukikatika. Upande wa kushoto kwanza. Kisha wa kulia ukafuata, na mkanda wote ukaachia chini ya leso, na kila kitu nilichokuwa nimefungiwa kikashuka kwa pamoja. Nilitoa sauti, sijui sauti gani. Wanaume niliowapita wakanipita. Leso ilibaki imenikaba mbavu bila kushika chochote.

Nikasimama.

Mbele yangu kulikuwa na stendi ya boda. Walikuwa wameshaniona. Mmoja alikuwa ameshaanza kutabasamu, na nilijua anachotaka kuimba kabla hajafungua mdomo. Kushoto kulikuwa na uchochoro kati ya maduka. Ningeingia pale, ningetokea barabara nyingine, ningechukua gari nikawa Bugembe mchana huohuo, na hakuna ambaye angejua ila senge. Niliuangalia uchochoro ule. Nasema kweli, nilipiga hatua moja kuelekea huko.

Kisha nikaona kwamba nitafika Bugembe na matiti yangu yaleyale. Ningeyaacha wapi?

Liwalo na liwe. Nilipeleka mkono nyuma chini ya fulana, nikavuta fundo la senge kwa kucha mpaka likaachia, leso ikaanguka kiunoni. Pumzi iliingia mpaka tumboni. Kisha nikayashika. Mikono miwili, titi moja mkono mmoja, nikayabana kifuani kwa nguvu juu ya fulana, viwiko nje kama kuku anayetaka kuruka, nikakimbia.

Stendi yote ililipuka. "Mama, yameiva?" "Lete nikusaidie moja!" Wengine walipiga honi. Sikuacha kukimbia, lakini mdomo ulikuwa huru.

"Nimeyashika yangu!" nikampigia kelele yule wa tabasamu. "Wewe shika yako!"

Wenzake wakamgeukia yeye kwa kicheko, na mimi nikawa nimeshapita.

Uchungu ulikuwepo, lakini ulikuwa wa kubebeka. Mbele niliona ukuta wa kampuni. Niliona mgongo wa Hasifa ukiingia. Niliona mwanamume mmoja anaingia, na mwingine, kisha nikaona geti linaanza kusogea. Afande Masinde alikuwa anasukuma mwenyewe, polepole, bila huruma na bila haraka.

"Afande!" nikaita. "Afande, niko hapa!"

Hakuacha kusukuma. Nilikimbia jinsi sijawahi kukimbia. Pengo lilikuwa mlango, likawa nusu ya mlango, likawa upana wa mtu. Sikuwa na mkono wa kushikia geti. Nikatupa mguu. Chuma kiligonga pembeni ya kiatu changu, kikasimama.

"Toa mguu," akasema Masinde kupitia pengo.

"Fungua, afande. Nimefika kabla haijafungwa."

Akaniangalia. Akaona mikono. Nyuma yake wanaume walikuwa wameinuka kutazama, na kicheko kilikuwa kinapita kati yao.

"We nashika nini?"

"Unaona nashika nini, afande."

"Toa mkono hapo!"

"Sitoi."

Nadhani hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo. Mimi mwenyewe nilishangaa kulisikia.

"Askari gani nakimbia namna hiyo?" akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, ambayo ilikuwa mbaya zaidi. "Mwizi nakuja, nabeba mali ya tajiri. We nakamata yeye na nini? Na meno?"

Mguu wangu ulikuwa unauma. Jasho liliniingia machoni na sikuwa na mkono wa kulifuta. Nilijua nina jibu moja tu, nikikosea basi.

"Afande, kuna mtu hapa amekimbia bila viatu?"

"Nini?"

"Uliza. Kuna mtu amekimbia miguu mitupu?"

Hakuuliza. Alijua hakuna.

"Kampuni inatoa buti," nikasema. "Kwa nini inatoa buti? Kwa sababu mwizi hakimbizwi na mtu anayeumia. Mimi kitu cha kunishika nimetafuta Jinja, nimetafuta Mbale yote. Haipo. Haiuzwi. Nimekimbia bila hicho kitu, njia yote, na nimefika. Hawa wanaocheka, waambie wavue viatu warudi petroli stesheni, tuone nani atafika."

Kicheko kilikatika. Hasifa alikuwa amekaa chini akihema, akasema kwa sauti kubwa, "Kweli kabisa!" kisha akaziba mdomo kwa kiganja.

Masinde alinitazama, akakitazama na kiatu changu kwenye pengo. Sijui aliona nini. Kisha akavuta geti nyuma, kiasi cha mtu kupita kiubavu, akageuka kabla sijaingia, akapiga kelele kwa wale wanaume: "Nyinyi nangalia nini? Kaa chini!"

Nikapita kiubavu. Geti likafungwa nyuma yangu, chuma kwa chuma.

Baadaye, tulipopangwa mstari, sisi tuliobaki, alitutangazia. Jumatatu kuripoti Jinja. Kila mtu atapewa buti, suruali, shati, mkanda, kofia. Alihesabu kwa vidole. Alipofika kwangu akasimama, akakohoa, akaangalia kofia yake mwenyewe mkononi.

"Hiyo ingine," akasema polepole, "hatuna."

"Najua, afande. Hakuna aliye nayo."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda. Hasifa akaniinamia. "Racheal, unaweza kuachia sasa. Umeshaingia."

Nilikuwa nimesahau. Mikono yangu ilikuwa palepale, vidole vimekakamaa, nikalazimika kuvikunjua kimoja kimoja. Niliachia. Uzito wote ukarudi mabegani, nikauma meno, nikasimama wima mstarini na wenzangu.